Mshamu, Panga la Mkwe na Maua ya Gotlandi

Mimi ninayeandika nina miaka sabini na nne. Nimemwacha nyuma Mwingereza na bendera yake. Nimeyaacha nyuma mafuriko ya mwaka sabini na nne, yaliyoichukua nyumba yangu ya Mbuchi na jogoo akiwa juu ya paa anawika. Nimeziacha nyuma foleni za sabuni, na wake wawili, Mungu awarehemu, na mashine za boti zilizokuja mpya zikafia mikononi mwa wengine, na mabwana misitu wa wilaya ambao kila mmoja alifika akitaka kunifundisha njia za maji. Kwa hiyo ofisi iliposema wasifu wa Mshamu aandike karani kwa mashine, nilikataa. Kusoma nimejifunzia ukubwani, kwenye kisomo, na herufi zangu hazipendi kukaa mstarini. Lakini aliyekuwa na Mshamu majini ni mimi. Karani majini huwa anatapika.

Basi habari yenyewe ni hii. Ndugu Mshamu Zaidi Kingwande, Mlinzi wa Misitu, Kituo cha Kibiti, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1998, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Alianza akiwa kibarua wa kuburuta mnyororo wa kupimia msitu kule Dimani, wakati masharubu yake hayajashika. Akapandishwa kuwa mlinzi, akaletwa delta kulinda mikoko, na boti aliyopewa nahodha wake alikuwa mimi. Serikali ilishanistaafisha, kisha mradi wa mikoko ukanirudisha, maana walijaribu nahodha mwingine akawakwamisha kwenye tope mpaka maji yalipojaa.

Kazi ya Mshamu ilikuwa kuzunguka mikondo na kumtazama anayekata mikoko bila kibali. Wananchi walimwita Bwana Mikoko. Walimwita na majina mengine, ambayo hayafai kusomwa mbele ya mgeni rasmi. Alikuwa na utaratibu wake mmoja hakuubadilisha. Akimkuta mtu anakata, hapigi kelele, hamshiki ukosi. Ananyoosha mkono, kiganja juu, anasema neno moja tu: "Chombo." Mtu anatoa panga au shoka lake. Mshamu analizungushia kitambaa, linakwenda stoo ya Kibiti, yamekwisha. Alikuwa akisema mtu asiye na panga hana ubaya wowote na msitu, kwa hiyo yeye Mshamu hana sababu ya kumchukia mtu huyo.

Hakubagua. Siku moja alichukua shoka la shemeji yangu kabisa. Shemeji alikuwa na kibali cha kuni, ila kilishalowa mfukoni. Nikamwambia Mshamu, mrudishie mtu shoka lake, hicho alichoshika ni kibali. Akakitazama. "Mzee Sadallah," akasema, "hicho ni uji."

Sasa nielezee jambo la gofu, maana bila hilo hamtaelewa nini kilimpeleka Mshamu kule alikokwenda na akarudi vile alivyorudi.

Upande wa Mbuchi, kwenye kijito tunachopitia siku zote, kuna gofu la msikiti wa wazee wa kale, kuta za matumbawe, kibla chake bado kimesimama. Kulizunguka kuna makaburi, ya zamani na ya juzi, maana watu wa pale hawajaacha kuwazika wao pale. Zamani palikuwa pakavu. Mto ukahama njia, maji chumvi yakaingia, na mchu ukafuata. Wasioujua mchu wajue kuwa ni mkoko unaochomoza vijizizi juu ya tope kama vidole vya mtu aliyezikwa amesimama. Vidole hivyo vilishaanza kutokea katikati ya makaburi na kupasua chokaa. Na kila mwezi wa Mlisho, kabla Ramadhani haijaandama, watu wa kwetu huenda kuwapalilia wazee wao na kuwasomea. Kaburi lililoota majani ni aibu ya walio hai.

Mlisho wa mwaka tisini na mbili tulikuwa doria, mimi usukani, Mshamu mbele. Tukasikia panga linalia gofuni. Tulipokata kona tukaona mtu ameinama, kanga gubigubi, anafyeka machipukizi ya mchu juu ya kaburi. Mshamu akashuka kwenye tope, akaenda, akanyoosha mkono. "Chombo."

Yule mtu akainuka. Alikuwa Bi. Mwanahawa, mama mzazi wa Rukaya. Na Rukaya ndiye mke wa Mshamu.

Kwetu mkwe ukikutana naye njiani unampisha, unaingia majanini, macho chini. Kikombe alichonywea hukishiki. Sasa Mshamu kasimama mbele ya mkwe wake, mkono umenyooka, kiganja juu. Kuurudisha hawezi, ni sheria. Kuuacha pale hawezi, ni mkwe. Boti ilianza kuchukuliwa na maji na mimi sikuwa na akili ya kuishika.

"Nyoosha vizuri, baba," Bi. Mwanahawa akamwambia. "Au unaona haya?"

"Mama, ni sheria. Mkoko ni mali ya serikali."

"Na mama yangu aliyelala chini yake ni mali ya nani?"

Mshamu akatazama tope.

"Binti nilikupa, sikukuuliza kibali," akasema Bi. Mwanahawa. Akaliweka panga kiganjani, mpini mbele, taratibu, kama mtu anayempakulia mgeni. "Haya. Lakini sikia, na Mzee Sadallah asikie. Nikifa na kaburi la mama yangu liko hivi, jeneza langu usiliguse. Utasimama mbali na wapita njia."

Ninyi mnaosoma hili mnajua uzito wake. Jeneza watu hulipokezana begani mpaka mwisho, asiyemjua marehemu naye hutia bega apate thawabu, na mkwe asimame mbali? Habari ilifika Kibiti kabla yetu. Rukaya alimpikia mumewe kama kawaida, akamtengea, akageukia ukuta. Na Mshamu hakulirudisha panga. Lilikwenda stoo kama mapanga mengine.

Ndipo ikaja safari ya Uswidi. Mradi wetu wa mikoko ulikuwa na marafiki kwenye kisiwa kiitwacho Gotlandi, chama cha watu wanaotunza magofu na maumbile ya kwao. Wakaandika wanataka watu wawili wa delta wanaofanya kazi kwa mikono, wakaone wenzao wanavyotunza. Mabwana wakubwa wakaanza kufunga mabegi. Ikaja barua ya pili: kwa mikono. Nikachaguliwa mimi kwanza, Mshamu wa pili. Wanaosema vingine hawakuwa kwenye kikao.

Enzi hizo za ruksa soko la Kibiti lilishajaa mitumba, tukanunua makoti. La Mshamu lilikuwa zito, la buluu, lina vifungo vya pembe. Tulipofika tukapokewa na Bi. Ingegerdi, mama wa kule aliyewahi kukaa kwetu akichimba visima, anasema Kiswahili kama mtu wa Mahege. Akaligeuza koti la Mshamu ukosini, akasoma, akacheka mpaka akakaa. "Bwana Mshamu," akasema, "koti hili limerudi nyumbani. Limeshonwa hapa." Mshamu akanitazama mimi, mimi nikalitazama koti. Tangu hapo tulikuwa watu wa kuchanganyikiwa, na sidhani kama mpaka leo tumechanganuka.

Kufika kisiwani ni kwa meli iliyomeza malori. Nahodha wao nilimtazama anavyofunga gatini. Hakuwa mbaya, ila aliingia kwa haraka.

Mji wao umezungukwa na ukuta wa mawe wenye minara, na ndani ya ukuta watu wanaishi, wanaanika nguo, wana maua ya waridi mlangoni. Katikati ya nyumba za watu yamesimama makanisa makubwa yasiyo na paa. Unaingia, juu ni mbingu. Nikauliza mafundi wanakuja lini. Bi. Ingegerdi akasema hawaji.

"Vifaa vimekosekana?"

"Havijakosekana. Wanataka yabaki hivyo."

Mshamu akafikiri. "Kwa hiyo wanautunza ubovu?"

"Ndiyo. Usizidi, na usipungue."

Nyasi zimekatwa vizuri, njia imefagiliwa, na paa hakuna, na watu wanakuja kutoka mbali kuangalia paa lisilokuwepo. Mimi nimejenga nyumba tano katika maisha yangu, zote zina paa, na hakuna aliyewahi kuja kuziangalia.

Mlango wa kanisa la kwanza haukuwa na ubao. Mshamu akavua viatu, akasimama pale penye uwazi, akapiga hodi. Akangoja. Akapiga tena.

"Bwana Mshamu, humo hamna mtu," akasema Bi. Ingegerdi.

"Ndiyo maana napiga kwa sauti," Mshamu akajibu.

Wazungu waliokuwa nyuma yetu wakavua viatu vyao nao. Nadhani walifikiri ni utaratibu wa pale.

Kwenye makumbusho ndiko tulikozidi kupotea. Wametuonyesha mawe ya kale yaliyochorwa mitumbwi na farasi, hayo sawa. Kisha chumba kimoja kimewekwa mifupa ya watu ndani ya vioo. Vichwa vya watu, vingine bado vimevaa kofia za minyororo ya chuma, na vina matundu palipoingia silaha. Waliuawa vitani miaka mia sita nyuma.

"Watazikwa lini?" Mshamu akauliza.

"Walizikwa. Wakafukuliwa ili wajulikane."

"Wajulikane na nani?"

Bi. Ingegerdi, ambaye hakuwahi kukosa jibu, akasema, "Na wewe, labda."

Mshamu akarudi kinyumenyume mpaka nje, kama mtu anayetoka mbele ya mkwe. Mimi nikabaki kidogo, maana siogopi mifupa. Mmoja wao alikuwa na meno mazuri.

Na jua lao. Ilikuwa mwezi wa sita, jua linakataa kushuka. Mshamu hakuibadilisha saa yake, akaswali magharibi kwa saa ya Kibiti huku jua liko juu ya mti linamtazama. Mimi nikasema nitalingoja jua lenyewe, nikalingoja mpaka nikasinzia kwenye kiti na shingo ikaniuma. Tuligombana juu ya hilo kila siku. Tuliporudi tulimpelekea sheikh wa Kibiti atuamue. Akauliza kama tulikula vizuri.

Siku nyingine tulipelekwa ufukweni. Kumesimama mawe marefu, moja moja, mfano wa watu walioitwa wakageuka. Bi. Ingegerdi akasema bahari ndiyo iliyoyachonga na bahari ndiyo itakayoyamaliza. Mlinzi wa pale, mwanamke mrefu jina lake Gunivori, alikuwa amesimama na kofia yake. Mshamu akataka kujua huyo kazi yake nini, ikiwa mawe yanaliwa.

"Anaangalia," Bi. Ingegerdi akasema.

"Anaangalia yanavyoliwa?"

"Na anawazuia watu wasisaidie kuyala."

Neno hilo lilimkaa Mshamu. Alilirudia kwenye gari, alilirudia mezani. Mlinzi gani anaangalia tu. Alimwona Gunivori kama mtu anayelipwa bure.

Huyo huyo Gunivori ndiye aliyetupeleka siku iliyofuata kwenye gofu moja dogo la shamba, mbali na mji, msitu umelizunguka na kondoo weusi wenye pembe wanazurura. Kanisa bovu, na pembeni makaburi ya kale. Lile lilikuwa halijakatwa nyasi. Majani yalifika magotini, na katikati yake maua ya zambarau, majani yake yana madoadoa. Gunivori na Bi. Ingegerdi wakakaa kwenye ukuta kumimina kahawa kutoka chupa ya chai. Mimi goti lilikuwa linaniuma, nikakaa nao. Mshamu hakukaa.

Jamani, mtu wa kwetu amefika kwenye makaburi ya wenyeji wake. Wenyeji wamempokea, wamemlisha, wamempa kitanda. Makaburi ya wazee wao ni machafu. Utafanya nini? Mshamu alitoa kisu chake cha mfukoni, akapiga magoti, akaanza kupalilia. Kahawa ilipokuwa ya kunyweka alikuwa ameshasafisha safu nzima, udongo mweusi safi kama wa siku ya Mlisho, na yale maua ya zambarau ameyang'oa na mizizi yake, ameyapanga rundo nje ya ukuta, yasichafue.

Gunivori akasimama, kikombe mkononi. Akaja akapiga magoti kwenye rundo, akainua ua moja akalishika kama kifaranga. Uso wake ulikuwa mwekundu. Akasema neno kwa lugha yao, polepole.

"Anauliza kwa nini," Bi. Ingegerdi akasema, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Yalikuwa machafu," akasema Mshamu, anatabasamu. "Nimewasaidia."

Bi. Ingegerdi akamweleza. Yale maua ni adimu. Mmea wake hukaa ardhini miaka kabla haujatoa ua la kwanza. Hakuna ruhusa mtu kuyang'oa popote kisiwani, ni sheria, na kisiwa kizima mpaka watoto wanaijua. Lile gofu halikukatwa nyasi kwa ajili ya maua hayo. Ni kama mtu aje delta akate mikoko mbele ya ofisi ya misitu.

Nimeona watu wengi wakikamatwa. Nimewaona wanaoapa, wanaokimbia, wanaotaja majina ya wajomba zao walioko wilayani Utete. Mshamu hakufanya hata moja. Aliondoa kofia. Akakifuta kisu kwenye koti lake lile lililorudi kwao, akakiweka chini mbele ya miguu ya Gunivori, mpini mbele. Halafu akarudi nyuma hatua, mikono pembeni, akangoja.

Gunivori hakuelewa. Akamtazama Bi. Ingegerdi. Bi. Ingegerdi naye hakuelewa. Aliyeelewa pale ni mimi peke yangu, nikawaambia: "Ametoa chombo. Kwetu mkosaji anatoa chombo."

Gunivori akakiokota kile kisu. Mimi nikajua sasa kinakwenda stoo na sisi tunakwenda uwanja wa ndege. Badala yake akapiga magoti tena, akaanza kuchimba nacho mashimo. Akamwita Mshamu kwa kidole. Wakayarudishia yale maua moja moja, yeye anachimba, Mshamu anayashika wima na kubana udongo. Maji walitumia ya kunywa tuliyokuja nayo na mengine tukateka kwenye kisima cha kondoo. Hakuna aliyekunywa kahawa siku hiyo.

Walipomaliza akampeleka Mshamu kwenye ukuta wa kanisa. Palikuwa na kichaka kimeota kwenye ufa, mzizi umeingia kati ya mawe mpaka jiwe limeanza kutoka. Gunivori akakishika kwa mikono miwili akakivuta mpaka kikatoka. Akamwonyesha mzizi. Kisha akamwonyesha yale maua.

"Anasema hiki kinavunja," Bi. Ingegerdi akatafsiri. "Yale yanakaa tu. Kazi yake ni kujua kipi ni kipi."

Akakiosha kisu, akamrudishia Mshamu mkononi. Mpini mbele.

Na usiku, usiku wao ule usio na giza, nilimsikia Mshamu kitandani anauliza, sijui ananiuliza mimi au dari: "Sasa yule kanikamata au hakunikamata?"

Tuliporudi Kibiti hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda stoo, akatafuta kati ya mapanga, akalitoa moja lenye mpini uliofungwa waya, akaliosha. Tukashuka majini, tukawasha boti. Tulipofika Mbuchi hakuingia uani kwa Bi. Mwanahawa, maana tangu siku ya panga alikuwa amekatazwa hata kizingiti. Alikaa chini nje ya ua, panga limelala juu ya mikono yake miwili, macho chini.

Bi. Mwanahawa alimwona. Akaendelea kupepeta mpunga. Akaumaliza, akaanika, akaingia ndani, akatoka, akafagia ua mzima mpaka vumbi likamfunika mkwe wake. Jua lilihama upande. Majirani walikuja kuazima moto ambao hawakuuhitaji.

"Umerudi na nini huko Ulaya?" hatimaye akamwuliza.

"Na hili, mama."

"Hilo lilikuwa langu."

"Ndiyo, mama. Na kesho maji yakipwa nitakwenda nawe gofuni."

"Kunikamata?"

"Kukuonyesha kipi kinavunja na kipi kinakaa tu."

Bi. Mwanahawa akalichukua panga lake, akanigeukia mimi. "Mzee Sadallah, huyu wamempa nini huko?"

"Kahawa," nikasema, "na hakuinywa."

Walikwenda. Ile kazi nimeiona kwa macho haya. Mshamu alivifyeka mwenyewe vidole vyote vya mchu vilivyotokea ndani ya makaburi na kwenye kuta, na Bi. Mwanahawa akavikusanya. Ila nje ya ukuta, upande wa kijito, kulikuwa na mchu mmoja mkubwa, mzee, na Bi. Mwanahawa akauelekea huo.

"Huu ndio mama yao. Anza na huu."

"Huo hapana, mama."

"Mshamu."

"Huo umeshika tope. Huo unakaa tu."

Walibishana mpaka maji yakaanza kupanda. Mchu ulibaki. Bi. Mwanahawa alirudi kwenye boti amenuna, kaburi la mama yake jeupe nyuma yake, na hakumwambia Mshamu asante wala hakuiondoa ile kauli ya jeneza.

Bwana misitu wa wakati ule alimwita Mshamu Utete, akamwuliza kwa amri ya nani ametoa kielelezo stoo na kufyeka mkoko. Mshamu akasema: "Kwa amri yangu, na ya mkwe." Akaambiwa arudi kazini. Tangu hapo kila Mlisho Mshamu mwenyewe ndiye aliyewapeleka watu wa Mbuchi gofuni, na utaratibu ule umeandikwa na mradi na kusifiwa na wageni, wengine wakidai ni wazo lao. Msitu wa upande ule uko vilevile, nendeni mkautazame. Bi. Ingegerdi alipokuja kututembelea alisema baadhi ya yale maua yalishika na baadhi yalikufa. Mshamu aliuliza yapi. Akaambiwa hakuna aliyeandika.

Bi. Mwanahawa alifariki mwaka tisini na sita, baada ya masika. Watu walijaa Mbuchi. Jeneza lilipotolewa nje Mshamu hakusogea. Alikuwa amesimama kule mbali, karibu na mitumbwi, pamoja na wanunuzi wa kamba waliokuwa wanapita na masanduku yao ya barafu. Kauli haikuondolewa, naye ni mtu wa sheria. Wanaume wakatazamana. Imamu akanitazama mimi kwa kuwa nilikuwepo siku ile. Kaburi lilisafishwa, ni kweli. Lakini marehemu hakusema kitu.

Rukaya akatoka ndani, kanga kichwani, kati ya wanaume wote, mkononi ana panga lenye waya mpinini. Akavuka uwanja mpaka kwenye mitumbwi.

"Mama kaniachia hili," akamwambia mumewe. "Kasema nikupe mkononi, ukasafishe pa kumlaza. Na jeneza ushike mbele." Kisha akaongeza, "Kasema na ule mchu uache."

Mshamu akanyoosha mkono, kiganja juu, vile vile kama doria. Lile neno lake likamshinda.

Alishika mbele, upande wa kulia. Mimi nilikuwa nyuma yake na ninathibitisha kwamba hakupokezana na mtu njia nzima.

Mvua kubwa za mwaka jana na mwanzoni mwa huu zilikula kingo nyingi za delta, na watu wamepoteza mashamba. Gofu limesimama. Wapo wanaosema ni ule mchu umeshika tope, wapo wanaosema ni dua za waliolala pale. Nimefikiri sana na sijui, na Mshamu naye ukimwuliza anasema hajui.

Sasa anakwenda kukaa Mbuchi na Rukaya wake. Ofisi ilimwuliza anataka zawadi gani, akaomba kisu kipya cha mfukoni, kile cha zamani kimelika. Mshamu mdogo wangu, kwa niaba ya kituo, mradi, na wote uliowanyang'anya mapanga, tunakushukuru. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe mpunga usiozama, akupe wajukuu wanaosikia. Mlisho ukifika nitakuja na boti yangu, nitakaa ukutani kwa sababu ya goti, nikuangalie unavyopalilia.

Asiyeyaamini haya, Rukaya yupo, aulizwe. Imamu Bashiru wa Mbuchi yupo. Bi. Ingegerdi anakuja mwezi wa nane. Gunivori yuko kwake na makaburi yake. Na wanunuzi wa kamba wale wa siku ya mazishi bado wanapita na barafu yao: wao ndio waliokuwa wamesimama na Mshamu, wakaona akiondoka.

Mimi, Sadallah Abdala, nahodha.